Ukimsindikiza msafiri, maneno mazito yatangulie

Mara nyingi tunasubiri mpaka mlangoni ndipo tuagane. Msafiri ameshavaa viatu, gari linanguruma nje, mmoja anauliza kama tiketi ipo, mwingine anatafuta chaja, na hapo hapo mzee wa nyumba ndiyo anaanza kutoa nasaha za maisha. Nimesindikiza ndugu na marafiki wengi, nami nimesindikizwa, na ushauri wangu wa dhati ni huu: maneno mazito yaseme mapema, ili siku ya safari ibaki na upendo na maneno machache.

Usiku wa kuamkia safari umeshachelewa, kwa sababu mtu anapanga nguo na kichwa kimejaa. Mimi huchagua siku mbili tatu kabla. Tunakaa wawili, simu pembeni, namwambia ninachojivunia kwake na ninachomshukuru. Kama kuna jambo lililotuudhi, tunalimaliza siku hiyo hiyo. Hili msilipuuze hata kidogo. Mtu akiondoka na kinyongo, umbali hukilea. Ujumbe wa simu hauna uso wala sauti, na jambo ambalo mngelimaliza kwa dakika chache mkitazamana linaweza kuburuzwa miezi.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti ambao huwa naukumbuka sana ninapoagana na mtu. Waliwaomba watu watie mkono kwenye maji baridi ya nyuzi joto 14 kwa sekunde 60. Zamu nyingine walikaa sekunde 60 vile vile, kisha wakaongezewa 30 huku maji yakipanda taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa zamu gani wako tayari kuirudia, wengi walichagua ile ndefu. Iliwaumiza kwa muda mrefu zaidi, lakini iliisha kwa nafuu kidogo. Kumbe namna jambo linavyoisha huamua sana tutakavyolikumbuka. Basi tusikubali dakika za mwisho na mtu tunayempenda ziliwe na kutafuta chaja.

Ndiyo maana naona kumsaidia maandalizi ni sehemu ya kumuaga. Kaeni mwangalie pasipoti wiki kadhaa kabla, maana nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda wake. Pimeni mabegi nyumbani. Betri ya akiba ya kuchajia simu hairuhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa tumboni mwa ndege, iwekeni kwenye begi la mkononi. Na wewe mwenye zawadi, mpe mapema. Viwanja vya ndege vingi bado haviruhusu kupita ukaguzi na chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100. Chupa kubwa uliyomsukumia mkononi dakika ya mwisho inaweza kuishia kwenye pipa, naye akapanda ndege roho ikimuuma kwa kutupa kitu chako. Mimi huandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja tu. Haina uzito, na anaweza kuisoma tena siku ngumu.

Aliyenifundisha haya yote kwa vitendo ni shangazi yangu. Nilipokuwa naondoka kwenda masomoni, hakunipa nasaha hata moja pale nje, alikuwa ameshanipa zote. Alikagua zipu ya begi langu, akakuta imebaki wazi kidogo, akaivuta mpaka mwisho. Akanipangusa bega, ingawa halikuwa na vumbi. Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, nenda. Sisi huku tupo." Kwa maneno hayo alinipa ruhusa ya kwenda na uhakika wa pa kurudi. Sijawahi kuagwa vizuri kuliko siku ile.

Machozi yakija, lia, hakuna ubaya. Ila msafiri asipewe kazi ya kukubembeleza. Tafuta mtu wa kubaki naye gari likishaondoka. Usimbane kwa ahadi pia. "Utanipigia kila siku, sivyo?" Atakubali tu, atasema nini? Halafu wiki ya kwanza inampita mbio na ile ahadi inageuka deni linalomtia aibu.

Kama anayeondoka ana mtoto mdogo, msimtoroke mtoto akiwa usingizini. Akiamka na kukuta mtu hayupo, anaweza kuanza kuogopa hata kulala. Aambiwe kwa maneno anayoyaelewa nani anaondoka, nani atabaki naye, na kwamba huyo mtu atarudi. Kisha kumbatio, na kuondoka. Kurudi mlangoni mara ya pili na ya tatu kunamwongezea kilio.

Akishaenda, mtumie ujumbe mfupi atakaoukuta akiwasha simu, na useme wazi kuwa hudai jibu. Siku za mwanzo anatafuta laini ya simu, anajifunza njia, amechoka. Ukimya wake usiutafsiri kuwa amekusahau. Taarifa kwamba amefika salama inatosha kwanza. Kwa mazungumzo marefu, kubalianeni kabla hajaondoka ni siku gani na saa ngapi, kwa saa za kwake na za kwako, na nani atakayepiga.