Shoot the Moon: maswali yenu kuhusu gololi inayopanda mlima

Wadau, wiki hii wengi mmeuliza kuhusu Shoot the Moon, ule mchezo wa mezani wa zamani wa Kimarekani wenye fremu ya mbao, vyuma viwili virefu na gololi ya chuma. Naupenda sana huu mchezo, basi twende.

Nimeukuta duka la mitumba hapa Ohio, hauna maelekezo. Unachezwaje?

Vile vyuma vimeshikizwa ule upande wa mbali na wewe unashika ncha za huku kwako. Gololi inaanzia kule mbali, ambako vyuma viko chini kidogo kuliko huku. Ukivitanua gololi inaanza kuja kwako, ikifika unapotaka unatanua zaidi inadondoka kwenye mojawapo ya matundu yaliyo chini ya vyuma. Kadri tundu lilivyo karibu na wewe ndo pointi zinapanda. Kubalianeni kila mtu anacheza mara ngapi, mnajumlisha, basi.

Mume wangu anabisha kwamba kuna sumaku ndani. Bila sumaku gololi inapandaje mlima?

Hakuna sumaku dada, na ukiwa unatanua hiyo gololi haipandi, inashuka! Vyuma ndo vinapanda, yenyewe inazama katikati yake haraka zaidi. Chukulia gololi ya kipenyo cha milimita 25 na vyuma vyembamba, vikigusana kitovu cha gololi kinakaa milimita 12 na nusu juu ya vyuma. Tanua nafasi iwe milimita 15, kitovu kinashuka hadi 10. Ikiwa 20 kinabaki 7 na nusu, ikiwa 24 kinabaki 3 na nusu tu, halafu ikifika 25 imepita. Mwambie mzee ainame macho yawe usawa wa meza aangalie kwa pembeni, ataiona inavyozama. Na siri hii ni ya zamani mno, Mwingereza William Leybourn aliieleza kwenye kitabu cha 1694, ila yeye alitumia koni mbili zilizounganishwa upande mpana zikijiviringisha juu ya reli zinazotanuka.

Mwanangu anaangusha gololi katikati kila mara, anakaribia kulia. Kuna mbinu?

Ipo, na hapa ndo penye utamu wenyewe. Rudi kwenye zile namba hapo juu, mwanzoni unatanua sana na gololi inashuka kidogo, ila milimita chache za mwisho zinaimaliza kabisa, kwahiyo mtoto anayetanua polepole bila kuacha lazima imdondokee. Mfundishe atanue kwa haraka kidogo, gololi ikishika kasi abane vyuma kabla haijazama. Kwanini abane? Kwasababu gololi ikiwa imezama inazunguka kasi sana huku inasogea kidogo, yani inakanyagia vyuma karibu na usawa wa kitovu chake, sasa ukibana inapanda na kukanyagia sehemu pana, sehemu ya ule mzunguko inageuka kuwa mwendo na inachomoka mbele kama tairi lililokuwa linazungukia tope likapata lami. Akiwa mzoefu anatanua na kubana tena na tena hadi gololi inafika karibu na vidole vyake. Mikono yote miwili isogee sawa, mmoja ukivuta zaidi gololi inayumba. Na asiangalie matundu jamani, aangalie gololi.

Vyuma vina kutu na gololi imepotea.

Kutu isugue na stiliwaya laini halafu futa kwa kitambaa kikavu. Usipake mafuta, gololi itateleza badala ya kuviringika na mchezo umekufa. Kama vinatoka, viviringishe juu ya kioo, kikirukaruka kimepinda. Gololi nenda duka la beringi, chukua inayokaa vizuri kwenye tundu bila kubana.

Nitajuaje kama ni wa zamani kweli?

Tafuta jina Drueke kwenye mbao au boksi. Hao walikuwa kampuni ya familia kule Grand Rapids, Michigan, waliojulikana zaidi kwa seti za chess. Ila matoleo ni mengi na mapya yapo pia, mimi naangalia zaidi vyuma vimenyooka na fremu haichezi. Ukiupata wenye hizo sifa chukua, na tafadhali usiutundike ukutani, weka mezani watu wacheze.