Nyumba salama: mtambueje mwenye jeraha la ubongo?

SWALI: Ninasimamia nyumba salama ya wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, hapa Mwanza. Wahudumu wangu si wauguzi. Nina siku moja ya kuwafundisha kutambua jeraha la ubongo. Nianzie wapi? Na je, kila anayeingia apigwe CT skani (picha ya ndani ya kichwa)?

JIBU: Dada, asubuhi yote itumie kwenye kuuliza. Ukimwuliza mtu "uliwahi kuumia kichwa?" atakwambia hapana, kwani wengi huhesabu pale tu palipotoka damu. Ulizeni tukio lenyewe: Alikugongesha ukutani? Alikukaba? Uliona giza? Kuna kipande cha ugomvi hukikumbuki? Wahudumu waulizane wawili wawili, kwa Kisukuma pia, mpaka maswali yawatoke bila kigugumizi. Msidhani mtakutana nao wachache: mtafiti Eve Valera na mwenzake, Marekani, walipowahoji wanawake 99 waliopigwa na wenzi wao (2003), takriban robo tatu walikuwa wameumia ubongo angalau mara moja.

Kukabwa nako huumiza ubongo, kwa hiyo kupewe muda wake. Mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kama 10, na shingoni pasibaki alama. Sauti iliyokwaruza, kumeza kwa taabu, kujikojolea wakati anakabwa, hayo wayasikilize. Mshipa wa shingo ukichanika kwa ndani, kiharusi huweza kuja siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo aliyekabwa karibuni aende hospitali hata akisema hajambo. Vivyo hivyo anayetapika mfululizo, mwenye degedege au asiyeamshika vizuri. Hapo matibabu kwanza, PF3 (fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa) ifuate.

CT si ya kila mtu. Huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani, na mama anayeumwa kweli akiambiwa "picha ni safi" huanza kujiona mwongo.

Mchana zungumzieni tabia. Yule anayesahau miadi ya dawati la jinsia la polisi, anayefoka redio ikiwashwa, anayesimulia kisa leo hivi kesho vile, ndiye huitwa mkaidi, kumbe huenda ni ubongo ulioumia. Mwandikieni miadi kwenye karatasi, mahojiano yawe mafupi, na maelezo ya polisi ayatoe akiwa amepumzika.

Kwenye faili wasiandike "ana jeraha la ubongo". Hiyo ni kauli ya daktari. Waandike alichosema na walichokiona, basi. Faili hilo likifika mahakamani kwenye kesi ya malezi ya watoto, wakili wa mume atatafuta humo neno la kudai mama hana akili timamu.