Gauni ni pana, mbona linabana kwapani?

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Najifunza kushona kwa cherehani aliyoniachia bibi. Nimekata gauni pana la popolini, mikono na kiwiliwili kwa kitambaa kimoja, mfano wa herufi T. Kifua changu inchi 38, gauni nimeliachia 46. Lakini nikiinua mikono kuanika nguo, gauni zima linapanda, na uzi wa kwapani umeshakatika mara mbili. Shingo nayo inarudi nyuma, mbele inanikaba. Niongeze upana? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Upana usiongeze. Inchi 8 za nafasi zinatosha kabisa kwa gauni la kushindia nyumbani. Kasoro haipo kifuani, ipo kwenye ile kona ya T.

Mkono ukiwa chini, kwapa limejikunja. Ukiuinua linakunjuka, na ngozi yote kuanzia kiunoni hadi kiwikoni inanyooka. Mshono wako haukulifuata kwapa. Umekata njia, umepinda kona inchi kadhaa chini yake, kwa hiyo ni mfupi kuliko ngozi inayotakiwa kufunikwa. Pale unapopungua, hulivuta gauni kutoka chini, ndiyo maana linapanda. Gauni likikataa kupanda, uzi unakatika. Wengi wakiona hivyo hushusha kwapa zaidi wakidhani wanajipa nafasi, kumbe wanazidi kuufupisha mshono. Nimefumua magauni mengi ya namna hiyo, na kila mara nasikitikia kitambaa.

Dawa iko kwenye kanzu. Tafuta kanzu ya mzee wa hapo nyumbani, ya ushonaji wa zamani, uigeuze nje ndani na uisome taratibu. Utaona badani, yaani kipande cha mbele na cha nyuma. Ubavuni utaona taharizi, vipande vinavyoanza vyembamba na kupanuka kadiri vinavyoteremka, ili mtu apige hatua. Na hapo mkono unapokutana na ubavu utakuta kijitambaa kidogo: kikwapa. Mafundi wetu hawakukiweka kwa urembo. Kikwapa kinakaa kimshazari, na kitambaa kikivutwa mshazari hunyumbuka. Mkono ukipanda kinafunguka, ukishuka kinajikunja kisionekane.

Gauni lako linaokoka. Kata miraba miwili ya inchi 5 kwa 5 kutoka kwenye mabaki. Fumua kwapani inchi 4 kuelekea mkononi na inchi 4 kuelekea ubavuni. Kwenye kona ya kitambaa cha mbele, kisha ya nyuma, tia mkasi kimshazari mpaka karibu na mstari wa mshono, usiufikie. Kabla ya mkasi, pitisha mshono mdogo mdogo kuizunguka kona, kwa sababu hapo ndipo kitambaa huchanika. Sasa mraba una pande nne na tundu lako lina pande nne: mkono wa mbele, mkono wa nyuma, ubavu wa mbele, ubavu wa nyuma. Shona upande mmoja mmoja, ukianzia konani kwenda nje, na uishie nusu inchi kabla ya ukingo wa mraba. Usijaribu kuzunguka pande zote kwa mkupuo, kitambaa kitajikusanya. Kama mkono bado mzito kwenye cherehani, piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikiza tu. Ukimaliza, pitia mshono mara ya pili.

Shingo ni jambo jepesi. Nadhani umekata duara lililo sawa mbele na nyuma. Shingo ya binadamu imeelekea mbele, haikusimama katikati ya mabega, kwa hiyo tundu kubwa liwe mbele ya mstari wa bega. Mimi hukata upana inchi 6, nyuma natoboa inchi 1 tu, mbele 4. Kwako, nyuma kumeshakatwa, usikuguse. Teremsha mbele inchi moja na nusu, jaribu, ndipo utie kaba, kile kitambaa cha kufunika ukingo wa shingo kwa ndani.

Kwa gauni lijalo, chora shingo bila kuikata. Laza kitambaa cha kaba juu ya upande wa nje wa gauni, shona kwenye mstari uliochora, ndipo ukate katikati ukiacha robo inchi. Tia vijimkasi kuizunguka, geuza kaba ndani, piga pasi. Shingo iliyokatwa kabla ya kushonwa hunyumbuka mikononi na hairudi.

Na hilo gauni lijalo ulikate kama kanzu. Popolini ya upana wa inchi 45, yadi tatu na nusu, inatosha kwa gauni la urefu wa inchi 52. Iloweke na uianike kwanza, pamba hurudi. Kata badani upana wa inchi 24, urefu inchi 108, ukunje begani, usiwe na mshono wa bega. Lakini kama maua yana kichwa na miguu, mgongoni yatapinduka, basi hapo kata begani na uongeze nafasi ya mshono. Ubavuni litabaki pande la inchi 21. Humo mikono inatoka, na kipande cha urefu wa inchi 44 ukipasue kwa urefu kiwe vipande viwili, kila kimoja ukikate mshazari kona kwa kona: taharizi nne, mbili kila upande. Mabaki ndiyo vikwapa na kaba.

Khanga usianze nayo. Ukiikata kwa urefu, jina linasimama wima na pindo linakatika, na khanga nzuri inataka fundi aliyekwisha kuzoea kupanga.

Ukimaliza kurekebisha hilo ulilonalo, livae na uinue mikono yote miwili kama unafikia kamba. Likiwa bado linapanda sana, fumua tena, sasa ifike inchi 5 kila upande, na utie kikwapa cha inchi 6. Vile vidogo vitafaa gauni la mtoto.