Liliingia?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza kati ya zile katuni tatu za Kijapani ulizoniwekea, ipi bora. Najua nikiandika katuni unakunja uso, haya, anime. Mama yako ameshakupelekea umbeya kwamba nalala na rimoti mkononi. Silali. Nafumba macho wakati wa mapigano, basi.

One Piece, ile ya maharamia wanaosaka hazina, nimeiacha njiani, na usinifuatefuate. Imeanza mwaka 1999, mwaka 2021 ikafikisha kipindi cha 1000, na hazina yenyewe bado wanaitafuta! Msimamo wangu unaujua tangu utotoni: hadithi isiyokwisha ni deni. Yule kijana wa kofia ya majani namtakia kheri.

Spy x Family imenichekesha mpaka kifua kikauma. Jasusi anajitafutia familia ya kuigiza kwa ajili ya kazi yake, mke kumbe ni muuaji wa kulipwa, na mtoto wa kulea, Anya, anasoma mawazo ya wote wawili na kunyamaza. Ile siku ya usaili wa shule, mwalimu anamwuliza mtoto yupi bora, mama wa sasa au wa mwanzo. Anya machozi yanamtoka. Baba anashusha ngumi mezani, halafu anasema alikuwa anaua mbu. Kipande hicho nimekirudia mara nne. Mambo yake yote anaigiza yule bwana, lakini ngumi ile hakuiigiza.

Sasa Frieren. Huyo ndiye aliyeniharibia usiku. Hadithi inaanzia pale nyingine zinapoishia: Mfalme wa Mashetani ameshauawa, safari ya miaka 10 imekwisha, wenzi wanne wanarudi na kutawanyika. Frieren ni mchawi mwenye masikio marefu (wa kheri, usianze kumsomea dua) na ameishi zaidi ya miaka elfu, kwa hiyo hiyo 10 kwake ni kama kupiga chafya. Anaaga, anapotea miaka 50, anarudi kumkuta shujaa wao, Himmel, amekuwa kizee mfupi mwenye upara. Muda si muda Himmel anafariki. Mazishini watu wananong'ona kwamba huyu mwanamke hata chozi hana. Ndipo anapoangua kilio: alijua wanadamu hawakai sana, mbona hakujihangaisha kumjua?

Nikazima. Nikaikumbuka Captain Tsubasa.

Ulikuwa na miaka tisa. Umekaa chini, pua karibu iguse kioo, mpira uko hewani, na mpira wa katuni ile ulikuwa na tabia ya kukaa hewani mpaka mtu akazeeka. Nikaingia nimechoka, nikataka habari, nikabadilisha stesheni. Hukulia. Ulisimama ukarudisha mto kwenye kiti, ukaunyoosha vizuri, ukaondoka. Usiku ukaja mlangoni kwangu: "Baba, liliingia?" Nikasema liliingia. Nilijuaje? Hata kipa alikuwa upande gani sikuona. Kesho yake ukawasimulia wenzako lile goli, na mmoja aliyekitazama kipindi chote akakucheka mbele ya darasa zima. Hayo niliambiwa na dada yako, ulipokuwa umeshaota ndevu. Wewe hukunitajia hata siku moja.

Mama yako anasema umeshasahau. Labda. Na mtu aliyetoka kazini ana haki ya kutazama habari nyumbani kwake. Anayo. Lakini zilikuwa zimebaki dakika ngapi, tano? Na habari zenyewe zilihusu nini? Sikumbuki hata neno moja.

Basi, kesho yake nilirudi kwa Frieren nikatazama vipindi vyote 28 vya msimu wa kwanza. Na havimalizi! Mwisho wake ni watu watatu wanaoendelea na safari. Kwa sheria yangu hilo ni deni, nami siibadilishi sheria kwa sababu ya machozi ya mtu mmoja mwenye masikio marefu. Ila safari hii mdai sikuwa na haraka. Na ananichekesha pia: uchawi wake wa kukagua masanduku ni sahihi asilimia 99, unamwambia waziwazi hili ni mtego, naye anajitosa kwa tamaa ya ile moja iliyobaki. Sanduku linamng'ata, miguu inachezacheza nje, ndani analalamika kuna giza. Dada yako mtupu.

Kwa hiyo ipi bora? Ulimi unaniwasha, mwanangu, na jina liko hapa mdomoni. Lakini niliwahi kukupa matokeo ya mchezo ambao sikuutazama hadi mwisho. Ngoja nimalize.

Baba yako