Nilijibu "Nzuri", Wote Wakanitazama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Atlanta, mwaka wa nne sasa. Tarehe 28 Desemba jirani yangu, Mmarekani Mweusi, alinialika kwao kwenye sikukuu yao ya Kwanzaa. Naingia tu mlangoni, baba yake mzee akaniambia, "Habari gani?" Nikajibu, "Nzuri, shikamoo baba." Wote kimya, wananitazama. Katoto kamoja kakanisaidia: "Ujima!" Nikacheka. Baadaye nikawaambia kwamba "kwanza" ina a moja tu mwishoni, na kwamba huo muhindi wao wa mkekani kwetu unaweza kuwa mtu wa Bombay. Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile jirani ananisalimia kwa mbali. Nimekosa nini? Kiswahili si chetu?
Msomaji, Atlanta

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye salamu hukukosa, ulijibu kama mtu wa Tanga. Ila siku hizo saba za Kwanzaa "Habari gani?" hujibiwa kwa nguzo ya siku: tarehe 26 Umoja, 27 Kujichagulia, 28 Ujima, na kuendelea hadi Imani, tarehe 1 Januari. Hata mimi, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili huko, hiyo Kujichagulia ilinipa taabu. Sikio langu lilisikia mtu aliyeachiwa sinia la pilau peke yake. Na ujima nilioujua ni ule wa somo la historia, uliokuja kabla ya ukabaila. Lakini nilichekea kwangu.

Ile a ya pili si kosa la tahajia. Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu hii California mwaka 1966, jina alilitoa kwenye "matunda ya kwanza". Inasimuliwa kwamba walikuwapo watoto saba, kila mmoja akitaka herufi yake, na "kwanza" ina sita. Wewe ungemnyima yupi?

Sasa hilo la "chetu". Watumwa waliopelekwa Marekani, wengi walipakiwa melini kati ya Senegambia na Angola. Wahenga wa jirani yako huenda hawakusikia hata neno moja la Kiswahili, na waliokichagua walilijua hilo. Wangechukua Kiyoruba, wenye asili ya Kongo wangeuliza, na sisi je? Kiswahili hakikuwa mali ya kabila moja. Tena miaka ile kilinukia uhuru: Nyerere alishaandika juu ya ujamaa mwaka 1962, na wiki sita hivi baada ya Kwanzaa ya kwanza likatoka Azimio la Arusha.

Wewe ukiulizwa kabila lako, unajibu kabla swali halijaisha. Mwanafunzi wangu mmoja wa huko Marekani aliniletea karatasi za ukoo wake. Katika sensa ya 1870, ya kwanza baada ya utumwa kufutwa, bibi wa bibi yake yumo kwa jina, miaka 22. Akarudi nyuma hadi ya 1860. Huko orodha ya watumwa ina jina la bwana wao tu. Chini yake ni umri, jinsia na rangi. Mwanamke, 12, mweusi. Huenda ni yeye, huenda siye. Akaweka kidole kwenye mstari ule, akaniuliza, "Mwalimu, hapa nisome nini?" Sikuwa na la kumjibu. Desemba ile aliposhika kikombe cha umoja, akamimina maji na kutaja wahenga wake, alitaja majina matano, kisha akasema, "na msichana wa miaka 12."

Na huo muhindi uliouletea mzaha, huwekwa mkekani mmoja kwa kila mtoto wa nyumba. Uliwachekea watoto wao, bila kujua.

Nenda kwa mzee kwanza, jirani atafuata. Mwamkie tena, safari hii umfundishe na "marahaba", naamini ataipenda. Mengine usimsahihishe. Na wakikualika mwaka huu tarehe 31, jibu ni Kuumba.