Mpira wa kostiki ulichomoka: je, kununua mpira mpya kunatosha?

SWALI: Kiwandani kwetu tunatengeneza sabuni, na kostiki soda ya asilimia 50 tunaipampu kutoka tangini hadi kwenye pipa la kuchanganyia. Wiki iliyopita mpira ulichomoka kwenye koplingi (kiungio) ya alumini, mwenzetu akamwagikiwa mkono na paja. Tulimpaka limau kuua makali. Msimamizi ameleta mpira mpya. Tuendelee? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Msiendelee. Mpira huenda haukuwa na kosa lolote. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Koplingi huliwa kwa ndani, nje ikionekana nzima, hadi ule mdomo unaobanwa na masikio mawili ya kufungia unakuwa mwembamba. Siku mtu akifunga valvu ya mbele huku pampu inazunguka, presha inapanda na koplingi inaachia. Wekeni koplingi ya stenlesi, na mpira na gasketi (pete za kuzuia uvujaji) za EPDM, aina ya raba inayovumilia kostiki. Gasketi za Viton, raba ya aina nyingine, hazivumilii kostiki kali. Kabla ya kufungua maungio yoyote, zimeni pampu, fungeni valvu ya tangi, toeni presha, kisha mwageni kilichobaki ndani. Asubuhi ya baridi muwe waangalifu zaidi: kostiki ya asilimia 50 huanza kuganda karibu na nyuzi 12 za Selsiasi, na nyuma ya donge lililoziba presha bado ipo.

Limau, tafadhali, msirudie. Asidi ikikutana na kostiki hutoa joto juu ya ngozi iliyokwisha kuungua, na dakika za kutafuta limau ni dakika za kostiki kuzama. Kostiki hugeuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, kama ifanyavyo pipani mwenu, na maumivu yanaweza kuchelewa. Dawa ni maji, ndani ya sekunde 10: nguo na viatu vivuliwe chini ya maji hayohayo, na kuosha kusipungue dakika 30. Jicho lishikwe kope wazi na liendelee kuoshwa hata njiani kwenda hospitali.

Bafu la dharura linahitaji lita 75 hivi kwa dakika, kwa dakika 15 za mwanzo angalau, yaani zaidi ya lita 1,100. Pipa la lita 200 halifiki popote. Wekeni tangi la maji la lita 2,000 juu, kivulini, maana maji ya tangi jeusi la juani nayo huunguza.

Ajali hiyo mwajiri airipoti WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwenzenu ana haki ya fidia bila kuthibitisha uzembe wa yeyote.