Wasomaji Wanauliza: Kazi za Nyuma ya Pazia la Baleti

SWALI: Kundi dogo la baleti linanitaka niwe meneja wake na papo hapo nishughulikie habari na matangazo. Je, kazi hizi mbili zinakaa pamoja? Na kabla ya ziara ya kwanza nianzie wapi?

JIBU: Zinakaa, ila zina ugomvi wa kudumu. Meneja ndiye anayejua mapema nani kaumia kifundo; mtu wa habari anataka jina la huyo huyo liwe kubwa kwenye bango. Usimwahidi mwandishi mchezaji fulani kwa usiku fulani. Kila tangazo liseme kwamba wachezaji wanaweza kubadilika, na uwe na kikaratasi tayari cha kuchomeka ndani ya kijitabu cha onyesho.

Kuhusu ziara, anza na sakafu, hata kabla ya hoteli. Muulize fundi wa ukumbi chini ya mbao kuna nini. Mbao zilizolazwa moja kwa moja juu ya zege hazinesi, na miundi ya wachezaji ndiyo inayolipa. Mkeka wa vinili, ule wa plastiki unaotandikwa juu ya mbao, hautaokoa hapo: kazi yake ni kuzuia utelezi, si kupokea kishindo. Uliza pia kama jukwaa lina mteremko, maana kumbi nyingi kongwe za Ulaya zinao, na aliyezoea tambarare huyumba kwenye mizunguko.

Mikeka ikunjuliwe saa kadhaa kabla ya kubandikwa utepe. Ikishushwa garini na baridi yake ikabandikwa hapo hapo, taa zikiwaka hutanuka na kufanya mawimbi, mara nyingi pale pale anapotua mtu.

Darasa la asubuhi, dakika 75 hadi 90, usilifute. Basi likichelewa, punguza mazoezi ya jukwaani.

Mkivuka mipaka kwa hati ya forodha ya ATA, inayoruhusu vifaa kuingia nchi kwa muda bila ushuru, kila kitu kiorodheshwe kwa idadi, uzito na thamani, na kirudi nyumbani kama kilivyoorodheshwa. Rosini (utomvu mkavu wa kupaka viatu visiteleze), vipodozi na vingine vinavyotumika vikaisha haviingii kwenye hati hiyo.

SWALI: Gazeti lilichapa picha nzuri tuliyowapa, mwalimu wa mazoezi akafura. Kosa liko wapi?

JIBU: Tazama miguu, achana na sura. Huenda goti halijanyooka, au kidole kimelegea, kwa sababu picha ilinaswa sehemu ya sekunde baada ya kilele cha mruko. Msomaji wa kawaida haoni. Mchezaji haoni kingine. Hakuna picha itoke kabla ya mwalimu kuipitisha, na zile alizozikataa zifutwe kabisa, la sivyo siku ya haraka mtu atazituma. Chini ya picha andika jina la mchezaji, dhima yake, mtunzi wa dansi na mpiga picha. Majarida ya kila mwezi huhitaji picha miezi kama 3 kabla, wakati mavazi bado yako kwa fundi cherehani, kwa hiyo omba vazi moja litangulie kumalizika.

SWALI: Mhakiki nimkalishe wapi? Nilidhani safu ya mbele ndiyo heshima.

JIBU: Mbele kabisa kingo ya jukwaa humfichia miguu ya wachezaji. Mpe viti 2 vya katikati ya ukumbi, kimoja kando ya njia, atoke upesi akaandike.